Kitu Chenye Mwenyewe

Chuma kilipoanguka, Syombua alikuwa amekaa nje ya jiko akipepeta ndengu. Ilikuwa asubuhi, mwaka wa themanini na sita, mbele kidogo ya Tseikuru, mahali ambapo mtu hutembea kitambo kabla ya kuiona nyumba ya jirani. Mume wake, Mutunga, alikuwa zizini akichagua mbuzi wa kumuuzia Roble. Huyu Roble alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Garissa, na alikuwa amelizoea lile boma hata hodi hakupiga tena. Alitoka zizini kwenda kuchukua kamba kwenye pikapu yake. Kamba hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Kulisikika ngurumo, na mbingu haikuwa na wingu hata moja. Kisha kishindo, kisha vumbi. Mbuzi wakavunja ua wakatawanyika. Vumbi lilipotulia wakaona tufe la chuma, kubwa kama chungu cha pombe, jeusi kwa kuungua, limezama nusu ardhini. Mutunga alikuwa amelala kando yake kwa ubavu.

Roble alivua shuka lake begani akamfunika. "Mama Kalunde, usiangalie," akasema.

Syombua aliangalia. Halafu akarudi jikoni akaepua sufuria, kwa sababu muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, ulikuwa umeanza kushika chini.

Chifu alikuja, polisi wakaja, na baada yao wakaja watu wa Nairobi. Mutunga alikuwa ameshapelekwa mochari Kitui nyuma ya pikapu ya Roble, amelazwa juu ya magunia. Lile tufe lilifungwa kwa blanketi mpya, likawekewa magodoro chini na pembeni, likapakiwa kwenye lori la jeshi, na askari wanne wakakaa kulishikilia lisigongwegongwe njiani.

Pamoja nao alikuwako wakili wa serikali, Bwana Nzioka, kijana wa Makueni. Alivuta kigoda akaketi chini kuliko Syombua, akazungumza naye kwa heshima, akimwita mwaitu, yaani mama yetu kwa Kikamba.

"Mwaitu, hiki ni kipande cha roketi. Roketi hupeleka setilaiti juu, ile mitambo inayozunguka dunia, inayobeba simu na televisheni."

"Ni ya nani?"

"Hilo ndilo tunalotafuta. Kina maandishi, lakini yameungua."

"Na mbona mnakibeba kama mgonjwa?"

"Ni sheria, mwaitu. Nchi zilikubaliana kwamba kitu cha angani kikianguka kwa watu, kinabaki cha mwenyewe. Akijulikana, arudishiwe."

"Hata kama kimeua mtu."

"Hata hivyo. Lakini upo mkataba mwingine unaomlazimu mwenye kitu kulipa, hata kama hakukusudia, hata kama hakuna kosa alilofanya. Tatizo ni kwamba wewe hutaweza kuushika mkataba huo mkononi. Ni wa serikali kwa serikali. Sisi ndio tutadai kwa niaba yako, na tusipodai ndani ya mwaka, tutakuwa tumechelewa."

Syombua alimsikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Maneno yalikuwa wazi, ila hayakuwa yake.

Siku ya mazishi akina mama wa kanisa waliimba mpaka sauti zikakauka. Syombua alisimama penye kaburi akihesabu vifungo vya koti la mchungaji. Kavata, dada ya Mutunga, alimsogelea sikioni.

"Lia, mke wa kaka. Watu wanakuangalia."

"Nimejaribu," Syombua akamjibu.

Wengine walisema ana moyo wa jiwe. Wengine walisema bado hajaelewa. Yeye alichota maji, akakama mbuzi, akarudisha miiba ya ua pale ilipokuwa imevunjika. Usingizi alipata. Chakula alikula, ingawa hakikuwa na ladha, na hata chumvi alipoiongeza alihisi tu kwamba mdomo unauma.

Miezi ikapita. Nchi iliyoshukiwa kuirusha ile roketi iliandikiwa, ikajibu kwamba roketi yake iliungua yote juu ya bahari, na ikataka mashahidi. Syombua na Roble wakaitwa Nairobi. Katika chumba chenye zulia waliwakuta wageni watatu wa nchi hiyo, mkalimani, na lile tufe juu ya meza, limefunikwa kitambaa cha kijani.

"Una hakika hiki ndicho kilichoanguka?" mkalimani akamuuliza Roble.

Roble aliinuka kwenye kiti. "Nilikuwa hatua chache tu! Mmefikiri tumekitoa wapi, dukani?"

Nzioka akamshika mkono akamketisha. Wakamgeukia Syombua, wakaondoa kitambaa, wakamwomba akikaribie kile chuma. Akaweka kiganja juu yake. Chuma kilikuwa baridi, na upande mmoja ulikuwa umebonyea. Alingoja achukie, maana alidhani chuki ingekuwa mwanzo wa kitu. Haikuja.

"Ndicho," akasema.

"Unajuaje?"

"Hakuna kingine kilichoanguka kwangu."

Mkalimani alitafsiri. Mmoja wa wageni aliandika, akafuta, akaandika tena. Mchana ule walikikagua kwa kioo cha kukuzia, na kabla ya jua kutua waliacha kubisha.

Jibu lililokuja baadaye, Nzioka alilileta mwenyewe hadi Tseikuru. Aliketi kitako, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Wamekubali kitu ni chao, mwaitu. Wanataka kurudishiwa. Na watatoa pesa. Lakini hawataki ziitwe fidia. Wanataka ziitwe msaada, ili kesho kikianguka kingine kwingine, mtu asije akasema mlimlipa yule wa Kenya."

"Na tukikataa?"

"Tunaweza kuomba tume ya madai iundwe. Itakaa, itasikiliza. Lakini pande zote mbili zisipokubali mapema kufungwa na uamuzi wake, unabaki kuwa ushauri tu. Sitakudanganya. Inaweza kuchukua miaka."

Syombua alitazama zizi. "Kwenye hayo maandishi yao, jina la Mutunga liko wapi?"

Nzioka alifungua faili, akasoma juu hadi chini. "Haliko. Wameandika 'tukio'."

"Basi waandike jina lake. Hizo pesa waziite watakavyo. Bila jina, sikubali, na wewe usiwakubalie kwa niaba yangu."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Nzioka alieleza baadaye kwamba wakubwa wake walikasirika, kwamba jambo lilikuwa limekaribia kwisha na sasa mwanamke mmoja wa Tseikuru amelikwamisha. Hata hivyo aliandika barua, akapiga simu, akasubiri kwenye milango. Mwaka ulipokaribia kukatika, wageni walikubali. Katika mapatano ya nchi mbili, chini ya mihuri, iliandikwa kwamba Mutunga, mfugaji, alifariki kwa kuangukiwa na kipande cha roketi yao. Tufe likapakiwa ndegeni, likaenda kwao.

Syombua alisomewa maneno hayo mara mbili. Alingoja aone kama kuna kitu kitafunguka ndani yake. Akaomba maji ya kunywa.

Pesa zile alijenga nazo nyumba ya mawe na kibanda cha vitunguu huko Kambu, kando ya barabara kuu, karibu na binti yake Kalunde, aliyekuwa ameolewa huko. Malori ya Mombasa yalipita mchana kutwa, na yeye akauza. Kila Roble alipopita na mbuzi alisimama kunywa chai. Miaka ilikwenda hivyo, ndevu za Roble zikawa nyeupe, na kile chuma hawakukitaja.

Siku moja, miaka ya tisini imeingia, Roble aliweka kikombe chini.

"Mama Kalunde, nikuulize. Ulishamlilia?"

"Bado."

"Mimi nililia nyumbani, mbele ya mke wangu Abdiya. Nililia mpaka akaniuliza nimefiwa na ndugu yupi."

"Ukamwambia ni nani?"

"Nikamwambia ni Mutunga."

Syombua aliutazama uso wake kwa muda. "Asante," akasema, akainua birika akamwongezea chai. Utingo wa lori akapiga honi kuuliza bei ya gunia, naye akasimama kwenda kumhudumia.