Kiti cha Nyuma, Upande wa Mama

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lile gari lilijitembeza mpaka hotelini kwetu Xiaobei, kwa Wachina, tulikokwenda kununua mali. Laoban, ndivyo wanavyomwita tajiri, huyu wa yadi ya magari, alimpigia simu kaka yangu alfajiri, akapiga tena asubuhi, na kila akipiga alikuja na sifa mpya: usukani uko kulia, limetoka Hong Kong, mwenyewe hakulitembeza. Mimi siku hiyo nilitaka kwenda soko la Shiling kuchukua mikoba yangu ya biashara. Kaka akaniambia, "Mikoba haikimbii. Twende ukakae."

Nikakae! Ndiyo kazi niliyopewa. Mama yetu, kule Unguja, alikuwa amepooza upande wa kushoto. Kila siku ya hospitali ilikuwa vita: pikapu ya jirani iko juu, wanaume wanambeba kama godoro, naye analia kwa haya, mtu aliyejisitiri maisha yake yote. Mwisho akakataa kwenda kabisa, na hali ikawa inazidi. Kaka akaapa atarudi na gari la kifahari, la chini, lenye mlango mpana. Na kwa kuwa mimi na Mama ni umbo moja, mpaka viganja, nilitakiwa nilikalie kama yeye.

Yadi ilikuwa kando ya mto, chini ya daraja lililokuwa bado linajengwa. Ilikuwa adhuhuri, lakini jua hulioni, ukungu mtupu. Gari jeusi limesimama peke yake. Mteja mwingine hakuna, hata paka hakuna.

Kaka alikulia gereji ya marehemu baba, hadanganyiki. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa. Oili iliyoingia maji hugeuka kama chai ya maziwa, hii ilikuwa safi. Akalala chini kutafuta kutu. Akawasha injini, ikaitika bila kukohoa. "Mashaallah," akasema, na laoban akacheka.

Nilipofungua mlango wa nyuma ikanijia harufu kama ya ubani. Kaka akafurahi. "Unasikia? Mwenyewe mtu wa kujipenda, kalifukiza gari lake." Sisi tunafukiza nguo, tunafukiza nyumba, tunamfukiza bibi harusi. Hata mimi moyo ukalainika.

"Haya, kaa. Mguu wa kushoto mzito, usiusaidie."

Nikaingia kama Mama, naburuta mguu. Kiti kikanipokea vizuri, nikamwonea Mama raha. Kaka akafunga mlango, sauti za nje zikakatika zote. Shingo ya Mama haina nguvu, kichwa humwangukia nyuma. Basi nami nikakiachia, nikaona dari.

Kitambaa cha dari kilikuwa cheupe, kimesuguliwa sana. Ukisimama nje huoni kitu. Ukiegemea pale tu, unaona alama hafifu ya tope, imezunguka gari zima karibu kabisa na dari, pale maji yalipofika. Na juu yake viganja. Vingi, vimepandana, upande wangu peke yake. Mtu alikuwa akisukuma.

Wallahi sikuutuma mkono wangu; ulikwenda wenyewe. Ukaenea pale, kidole kwa kidole.

Nikavuta kitasa, mlango haukufunguka. Nikavuta tena. Nikagonga kioo, nao wawili wamenipa mgongo, wanapatana bei. Ile harufu ikanijaa puani. Nikapiga ukelele, "Mama! Mama wee!"

Kaka aligeuka akacheka, alidhani naigiza. Laoban hakucheka. Sigara ilimdondoka, akarudi nyuma.

"Kufuli ya watoto hiyo," kaka akasema aliponifungulia. "Inatengenezeka." Alikuwa tayari kushikana mkono na laoban. Nikamkamata shati.

"Kaa wewe."

"Mimi?"

"Kaa kama Mama. Laza kichwa. Usipokaa, nasafiri kesho na wewe si kaka yangu!"

Akakaa huku akiniita mwoga. Nikamfungia. Nilimwona kupitia kioo, mdomo bado unacheka, macho yanapanda juu. Kisha mdomo ukajifumba. Kisha mkono ukaanza kutafuta kitasa, na mimi nikamfungulia upesi.

Alitoka ameroa jasho. Akamuuliza laoban kwa Kiingereza cha sokoni: nani alikaa hapa? Laoban alitazama gurudumu la nyuma. Nasi tukatazama. Kulikuwa na kopo la mchanga, vijiti vya ubani vimechomekwa, kimoja bado kinafuka. Kule wanawachomea wafu wao. Kisha akanyoosha kidole kwenye kile kiti, akatamka neno moja tu, ambalo kwao na kwetu ni lile lile.

"Mama."

Wake, au wa mwenye gari, sikujua, wala sikuthubutu kuuliza. Alitupunguzia bei mpaka getini, tukaondoka kwa miguu.

Tukapiga simu Unguja. Kaka alishindwa kusema, akanipa mimi.

"Mmelipata?" Mama akauliza. "Kiti laini?"

"Laini, Mama."

"Sasa mbona mmeliacha?"

Nikaona aibu, lakini sikumdanganya. "Lina mwenyewe, Mama. Hajashuka."

"Hajashuka," Mama akarudia polepole.

"Basi wamwambie jirani kesho alete pikapu," akasema. "Nitabebwa."