Bolti Niliyoikaza Mno

Nyapara wa mashine ya mbao hapa Kyela alisema mwanamke mwenye mtoto mgongoni hawezi kugusa injini ya Mjerumani. Hasira zilinipanda. Baba yangu mhunzi alinifundisha kukata chuma, na shule ya misheni nimesoma kumpita huyo nyapara.

Tundu moja la injini lilikuwa limelika uzi wake wa ndani, ile mikato ya mzunguko, bolti ikawa inazunguka tu bila kushika.

"Isiposhika, Mama Lusajo, humu hukanyagi tena," nyapara akaniambia.

Nikalipanua tundu, nikakata uzi mpya, nikainama nikaikaza bolti nene zaidi niliyoichonga mwenyewe. Nyapara akaitingisha, ikagoma. Kazi safi, nasema bila haya.

Nikamtupia spana miguuni. "Haya, tafuta mwanamume wa kuifungua."

"Ndaga," akanishukuru, akaitia mfukoni.

Nikageuka kwa maringo, nikarudishwa nyuma kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Ncha ya mbeleko ya Lusajo ilikuwa imebanwa chini ya kichwa cha bolti. Nikavuta kwa nguvu zote. Bolti haikutikisika. Vibarua wote wananitazama.

"Bwana nyapara," nikasema polepole, "naomba hiyo spana."