Nilimficha Dada Yangu Ukurasa Unaofuata

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msimtafute mwingine: si padri, si Kanisa, si shetani. Ni mimi, mwenye diploma ya teolojia, mtu wa kuwaza jambo mpaka linaoza!

Kila Jumamosi nawafundisha wachumba katika parokia yetu hapa Kasongo. Mwaka jana, siku moja baada ya darasa, dada yangu mkubwa alibaki kwenye benchi. Kwetu dada haongei mambo ya kitanda na mdogo wake. Ndiyo maana alianza hivi:

"Leo usinijibu kama mudogo. Nijibu kama mwalimu."

Mumewe alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Kule alikuwa na wanawake, mtaa mzima ulijua. Dada alitaka wapime damu kwanza. Mume akakataa.

"Nikimukatalia mpaka apime, iko zambi?"

Jamani! Swali la kujibiwa kwa neno moja! Lakini mimi nikaanza kuzunguka kichwani. Chuoni tulisoma njia mbili. Moja inaanza na sheria: tendo hili ni halali, lile ni haramu, na wanandoa wasinyimane miili. Nyingine inaanza na mtu: tendo hili linamjenga au linamharibu? Niliandika mtihani juu ya njia hizo, nikasifiwa. Na hata ile ya sheria, ukurasa unaofuata katika daftari langu, inasema wajibu huo unakoma penye hatari kubwa. Ukurasa huo niliujua kwa moyo!

Nikauficha. Niliwaza: nikimruhusu huyu, kesho wake wote watawakatalia waume zao, nami nitaitwa mpotoshaji. Nikamjibu, "Mwili wako ni haki yake. Sali tu."

Akasali. Akatii. Sasa anameza dawa kila siku, na atazimeza maisha yake yote. Shemeji amerudi machimboni bila hata kuaga, mshenzi yule! Lakini dada alikuwa tayari kumkataa. Aliyemzuia ni mimi.

Nilipomweleza padri, aliniuliza, "Hukujua kwamba angeweza kukataa?"

Nikasema nilijua. Akanigeuzia mgongo, akaondoka. Heri angenipiga!

Dada naye nikamwambia, akaliomba daftari. Akausoma ukurasa ule polepole, kidole kikifuata mistari.

"Kumbe iko hapa! Umeandika kwa mukono yako mwenyewe! Uliogopa nini, mwalimu?"

Hasira hii haina pa kwenda ila kwangu mwenyewe.

Ninyi mnaofundisha na kushauri, mnaopenda kuonekana wakali wa imani, acheni! Mtu akikuuliza jambo la uhai wake, mwambie yote unayoyajua, palepale. Usimkatie nusu kwa sababu ya hofu yako.

Dada bado anakuja Jumamosi. Anakaa benchi la mbele, ananitazama mpaka nifike ukurasa ule na kuusoma kwa sauti. Kisha anaondoka. Siku hizi hata nyumbani ananiita mwalimu. Mudogo, hajaniita tena.