Majina Yaliyofungwa

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa dispensari ndogo ya kanisa karibu na Kimulot. Niliandika kwenye laptop majibu ya damu ya wachumaji majani chai: nani ana virusi vya Ukimwi, nani hana. Sista msimamizi hakuniamini na laptop hiyo hata kidogo. Alileta fundi kutoka Kericho, akaweka programu ya kufunga maandishi. Bila pasiwadi, kila jina liligeuka herufi zisizo na maana. Pasiwadi yenyewe ilikuwa sentensi ndefu, na nilipokosea herufi moja, sista alinigombeza mbele ya wagonjwa. Nilimchukia.

Jumapili moja tukiwa kanisani, mlango wa dispensari ukavunjwa, laptop ikaenda.

Jumatano akaja msimamizi wa shamba la jirani, mtu aliyejulikana kwa kufukuza wafanyakazi kambini mara tu wakianza kukonda. Akatupa karatasi mezani. Ilikuwa imechapwa takataka tupu kutoka juu hadi chini.

"Soma."

"Hii umeitoa wapi?"

"Nimesema soma! Nataka kujua wagonjwa wangu ni nani."

"Mzee, hata mimi siwezi kuisoma hivi."

"Basi toa pasiwadi."

Nilipokataa, alinishika mkono akaupinda mpaka nikapiga mayowe. Sista akatoka chumba cha sindano, akaichukua ile karatasi na kuitia mfukoni.

"Asante kwa kutuletea ushahidi," alimwambia. "Sasa toka."

Alitoka akitutukana sote wawili. Polisi waliikuta laptop nyumbani kwake, kioo kimepasuka. Hakuna jina hata moja alilolifungua.

Lakini kambini nani angeamini? Sokoni nilikutana na mama mmoja mchumaji ambaye majibu yake niliyaandika mwenyewe.

"Umetuuza," akasema.

"Mama, majina yalikuwa yamefungwa. Hakuyaona."

"Kitu kimeibiwa, utasema kimefungwa?"

Akatema mate karibu na viatu vyangu. Wenzake wakacheka, kicheko kibaya.

Wagonjwa wakaacha kuja. Yule mwanamume alihamishiwa shamba lingine, akiwa msimamizi vilevile. Wachumaji wawili ambao majibu yao yalikuwa tayari walifia kambini bila kurudi kuyachukua. Sista alinituma kwa mazishi yote mawili, na kote kuwili nilifukuzwa langoni.