Helmeti ya Mkwe

Siku ya kwanza kwa Nyundo hufundishwi kuendesha. Unafundishwa kuanguka. Anakupandisha kwenye pikipiki mbovu isiyo na injini, pale kiwanja cha kokoto nyuma ya karakana ya mbao, halafu anaisukuma kwa teke, wewe na pikipiki puu! "Mguu umebaki chini ya tangi," anakwambia hata hujatema vumbi. "Huo umeshavunjika. Panda tena." Jioni watu wazima, baba za watu, wanarudi makwao wakichechemea, viwiko vinavuja damu, wakimtukana mama huyo matusi yasiyoandikika.

Jina la Nyundo hakuliokota njiani. Alikuwa na nyundo kweli, ya mpini mfupi. Alikuwa akivaa helmeti, anampa mwanafunzi nyundo na kumwambia, "Nipige. Si hivyo, piga kama unaua nyoka!" Helmeti ikilia ko, yeye anacheka. Kisha anaweka papai bivu juu ya ndoo na kulishindilia pigo moja, nyama na mbegu zikawarukia usoni. "Hicho ni kichwa chako siku ya kusema naenda hapo karibu tu."

Lakini kilichomtia umaarufu ni ule mvuto wa helmeti. Mumewe alikufa akiwa na helmeti kichwani. Nasema kichwani, sisemi ameifunga, maana mkanda wa kidevu aliuacha wazi. Alipogonga ukuta, helmeti ilienda upande wake na kichwa kikaenda upande wake. Tangu hapo Nyundo haruhusu injini iwashwe kabla hajapita nyuma yako, akashika helmeti kwa mikono miwili na kuivuta juu kama mtu anayeng'oa muhogo. Ukiwa umefunga mkanda, shingo inalia na nyota unaziona mchana. Hukufunga, helmeti inabaki mikononi mwake, anairusha nje ya ukuta na wewe unaifuata. Hata mtihani uwe kesho. Sajenti mmoja wa polisi alimjia juu kwa jambo hilo, akapigwa kwa helmeti hiyohiyo, pua ikachuruzika damu. Wiki iliyofuata alirudi, mkanda umemkaza mpaka macho yamemtoka.

Basi binti yake wa pekee akaolewa na muuza mayai. Kijana mpole, mrefu, mtaa mzima unamwita Mayai. Alikuwa akisukuma baiskeli yenye trei nyuma, sasa anataka pikipiki. Binti alimfuata mama jikoni.

"Mama, nakuletea mume wangu. Sheria za leseni atazisoma mwenyewe. Wewe nirudishie mzima."

"Nitamtunza."

"Sitaki umtunze. Nataka umpige kama unavyowapiga wengine. Baba nilimzika, huyu sitaki kumzika."

"Nimekusikia, mwanangu."

Alisikia, lakini mkwe ni mkwe. Kumpiga teke mume wa binti yako huku watu wanatazama? Siku ya kuanguka alimsukuma kwa ncha za vidole, akisema, "Samahani, baba." Wanafunzi wengine waliumwa mbavu kwa kucheka. Na ule mvuto? Mama mkwe kumshika mkwe kichwa, amng'oe kama muhogo? Haya zilimjaa. Alikuwa akisimama mbele yake, kwa heshima, anauliza, "Mkanda, baba?" Naye Mayai anainamisha macho, "Tayari, mama." Yakaisha. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi naongeza kwamba wengine huzaa, halafu haya zao zikawala wazao.

Kwa mambo mengine alikuwa mkali kwake kama kwa wote. Leseni ya kujifunzia hairuhusu abiria, akamkataza hata kumbeba mkewe. Hairuhusu barabara kubwa bila mwalimu, akamfuata kila mahali na pikipiki yake, kibao cha L cha mwanafunzi kikining'inia mbele na nyuma ya ile ya mkwe. Naye Mayai aliendesha vizuri. Mtu aliyezoea trei za mayai hakurupuki. Nyundo alianza kulala usingizi.

Asubuhi ile Mayai alikuwa amenyoa ndevu, kidevu kinamwasha. Mkanda ukamkwaruza. Akaufungua na kuupenyeza ndani, kati ya sponji na shavu, vizuri kabisa, kiasi kwamba anayemtazama kwa mbele anaona mtu aliyefunga.

"Mkanda, baba?"

"Tayari, mama."

Wakaingia barabarani. Kwenye kona ya kiwanda cha matofali palikuwa na mchanga uliomwagika, na pikapu inakuja. Mayai akafanya kosa la kila mwanafunzi: akaminya breki ya mbele huku gurudumu limegeuzwa. Pikipiki ikamtupa. Kuanguka kwenyewe hakujua, nani alimfundisha? Aliteleza hadi ubavuni mwa pikapu, kichwa kikagonga chuma cha bodi. Helmeti ilikuwa imeshamtoka zamani. Ilibingirika lami nzima ikaja kusimama kwenye tairi la Nyundo, bila hata ufa.

Dereva wa pikapu alisimama, ole wake. Alishuka akikimbia kumwinua majeruhi, na kabla hajafika, bodaboda wa kijiwe cha jirani walikuwa wameshamzunguka. "Ameua! Ameua mwenzetu!" Ngumi ya kwanza ilimvunja meno. Ya pili ilimlaza. Mmoja akampanda kifuani kwa buti, mwingine akaja na tofali, mwingine na nondo. Dereva alijikunja, anaita mama yake.

Nyundo alikuwa amepiga magoti, damu ya mkwe inampita katikati ya vidole. Aligeuka akaliona tofali likiinuliwa. Aliinuka, akapenya katikati ya miguu yao na kumlalia dereva juu. Nondo iliyokusudiwa dereva ikatua kwenye mkono wake, na mfupa ukalia wote wakasikia.

"Si yeye!" alipiga kelele. "Huyu ana kosa gani? Mkwe wangu hakufunga mkanda! Na mimi ndiye mwalimu, sikuivuta! Wote niliwavuta, yeye sikumvuta!"

Mwenye nondo alisimama. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Nusu ya kundi lile lilikuwa wanafunzi wake, na kila mmoja alijua kwa shingo yake mwenyewe anachokisema. Tofali likadondoka. Wakatawanyika mmoja mmoja, hakuna aliyemtazama usoni.

Binti alimkuta kwenye benchi la korido ya hospitali, mkono umefungwa ubao, nguo zina damu ya watu watatu. Daktari alikuwa ameshasema lake: Mayai hakupona. Binti hakulia. Alisimama mbele ya mama yake.

"Mama. Uliivuta?"

Mbele ya tofali na nondo maneno yalimtoka kwa sauti. Sasa alijibu kwa sauti ya chini.

"Sikuivuta, mwanangu. Niliona haya."

Binti akazunguka nyuma ya benchi. Akamshika mama yake kichwa kwa viganja viwili, juu ya masikio, akavuta juu kwa nguvu zake zote mpaka mama akanyanyuka pale alipokaa.

"Hivi tu," alisema, akavuta tena. "Ilikuwa hivi tu, mama. Hivi tu."

Nesi alikuja mbio kuwaachanisha. Nyundo akamzuia kwa mkono wake mzima, akamwacha binti avute.