Eksirei Ilipoiona Losheni Yangu

Kwetu Mwananyamala, mama haruhusu mtu atoke nyumbani amepauka. Juzi nikajipaka losheni mpaka viwiko vikang'aa, nikaenda maabara ya chuo.

Mwalimu wangu, Dakta Zuhura, alikuwa ametengeneza utando mwembamba wa plastiki inayopitisha umeme. Ukiupiga eksirei, elektroni zinachomoka, na nguvu zake zinakwambia mna elementi gani na zimeshikana vipi. Utando ulikaa upande kwenye mashine. Mie nikavua glavu, nikaunyoosha kwa kidole.

Tulipoupiga eksirei, kwenye grafu kikatokea kilima cha silikoni, kitu ambacho kwenye plastiki ile hakimo kabisa. Hapohapo nikampigia mama simu, nikamwambia nimegundua jambo.

Dakta alikitazama kile kilima mbele ya darasa zima, akatabasamu.

"Losheni yako inateleza vizuri, mwanangu?"

"Sana, Dakta."

"Hizo za kuteleza zina silikoni. Ndiyo hii hapa."

Nilimvulia kofia. Mtu ameijua losheni yangu kwa elektroni zake, bila hata kuninusa.

Simu ikalia kiganjani, nikapokea, sauti ya mama juu, darasa zima likasikia.

"Mwanangu, majirani wamejaa hapa. Wanauliza, umegundua nini?"