Blanketi Juu ya Sola

Kinyozi huyu watu walimwita Wembe, ingawa wembe wenyewe alikuwa ameuacha tangu anunue mashine ya umeme. Siku binti yake alipomnyoa kwa mara ya kwanza bila kumkata, furaha ilimzidi, akaenda kununua paneli mbili za sola, pacha kabisa. Moja ikapanda juu ya paa la kibanda chake. Ya pili akaizungushia blanketi, akaisukuma chini ya kitanda: hiyo ya binti, siku atakapofungua duka lake. Mkewe akawa anafagia kwa kuizunguka, miaka nenda miaka rudi. Akiuliza itatoka lini, Wembe humjibu kwamba huko iliko salama, jua haliioni.

Maana hilo ndilo lililomnyima raha: jua linakula sola. Ile ya paani ilishaanza umanjano pembeni, na kila akiitazama alihisi anatazama sabuni inavyoisha.

Basi siku ikakaribia. Binti kapata chumba mtaa wa pili, kapaka rangi, katundika vioo. Fundi sola akaifunga ile ya chini ya kitanda juu ya paa la chumba hicho, akaipima. Namba ikasimama juu hata Wembe akapiga makofi. Kesho yake wakapima tena, saa ileile, jua lilelile kali: imeshuka kidogo. Fundi akaeleza kwamba ni kawaida, paneli mpya ikionja jua la mwanzo hulegea kidogo kisha hutulia, na kupungua kwa baadaye huenda polepole mno. Wembe akaitikia kwa kichwa. Moyoni hakusikia hata neno moja.

Alipoachwa peke yake alipanda paani na lile blanketi lake, akaifunika. Ipumzike, alijiambia, nitaifunua asubuhi ya ufunguzi. Huku chini binti kila jioni anawasha taa apange vitu vyake, kumbe anamaliza akiba ya betri.

Asubuhi ya ufunguzi ilipofika, Wembe alikuwa na mengi: shati la kupiga pasi, viatu vya kung'arisha, majirani wa kuwaita. Blanketi likamtoka kichwani. Akaketi kwenye kiti kipya, kwani kichwa cha kwanza kilikuwa chake, waliahidiana zamani. Mashine ikaanza kuimba, ikatembea upande wa kulia wote, ikafika utosini. Ikakoroma. Ikanyamaza.

Fundi cherehani wa jirani akauliza mtindo huo unaitwaje.

Binti alikuwa amekaza midomo, machozi yako karibu. Wembe akamshika mkono.

"Mwanangu, fundi sola asilaumiwe. Juu kule kuna blanketi."

"Blanketi la nini, baba?"

"Niliogopa jua lingeimaliza kabla hujaanza."

Binti akacheka mpaka akashika ukuta. Akapanda mwenyewe, akalivuta blanketi, kisha akamshika baba mkono na kumwambia fundi sola, aliyekuwa miongoni mwa wageni, achukue kipimo, waende wakaione ile kongwe ya kibandani wakati betri inajaa. Wakatoka, Wembe na kichwa chake cha nusu, watu nyuma kama wanafuata arusi, kila mlango wa mtaa unatoa mwingine wa kuuliza kuna nini.

Fundi akaweka kipimo. Namba yake ilikuwa chini ya ile ya pacha wake, ndiyo, lakini kwa kidogo tu.

"Hii imekaa juani tangu mimi mtoto, nacheza rede, baba," binti akasema. "Jua limekula nini hapa?"

Wembe akaomba ipimwe tena. Ikapimwa. Akamkumbatia fundi, kipimo kikaponea chupuchupu. Njia nzima ya kurudi yeye ndiye aliyekuwa anawaeleza watu jinsi paneli inavyolegea mwanzoni kisha kutulia, kana kwamba aliizaa.

Betri ilishapata nguvu. Upande wa kushoto ukanyolewa, na waliokuja kushangaa wakabaki foleni, mmoja baada ya mwingine, mpaka jioni. Blanketi binti alilikunja, akalitandika kwenye benchi la wateja. Wa kwanza kulikalia alikuwa fundi cherehani, na alitaka pande zote mbili.